Inobat na Maumivu Yaliyokosewa Jina

Damu ilipoanza kumtiririka mguuni, Inobat alidhani ni chai. Alikuwa ameinama kwenye mdomo wa tanuri, nusu ya mwili iko ndani ya joto, anabandika mikate ukutani. Nyuma yake kulikuwa na birika la chai ya kijani ambalo kila aliyepita alilipiga teke. Akasikia uvuguvugu unashuka kutoka chini ya goti hadi kifundoni.

"Nani kamwaga chai huyo?" akauliza bila kugeuka, maana mkate haungoji.

Alipopiga hatua, kiatu chake cha mpira kikalia chubwi, kama cha mtu aliyetoka kuvuka mfereji. Akatazama chini. Kiatu kilikuwa kimejaa damu pomoni, na juu ya kifundo, kutoka kwenye tundu dogo lisilozidi la sindano, mrija mwembamba wa damu ulikuwa ukiruka na kuchora ukuta wa tanuri.

Wala mguu haukumuuma. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko damu yenyewe. Mwili uliozoea kumuuma kutwa kucha ulikuwa unamwaga damu kimya kimya, kana kwamba hauna habari naye.

Mama mkwe wake, Bibi Holbuvi, alikuwa anatoka jikoni na sinia ya madonge ya unga. Sinia ikamponyoka.

"Uwi! Umejikata na nini wewe?"

"Sijajikata, Mama."

"Hujajikata! Sasa hiyo damu imeshuka kutoka mbinguni?"

Siku hiyo jirani alikuwa anamwoza mwanawe, na mikate ya pilau yote ilitoka katika tanuri la Inobat. Ua ulikuwa umejaa wanawake. Wakaja mbio. Bibi Holbuvi akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mkaza mwanawe chini kidogo ya goti, akakaza kwa nguvu zake zote. Damu ikazidi. Akakaza tena. Ikazidi tena. Inobat bado amesimama wima, ameshika ukuta, midomo imekuwa myeupe.

Mhudumu wa gari la wagonjwa alipofika, alikuwa mtu mfupi mwenye haraka, hakusalimia mtu. Alimlaza Inobat juu ya kitanda cha uani, akaupandisha mguu juu ya mito mitatu, akakifungua kile kitambaa, akabandika pamba na kuibana kwa kidole gumba. Damu ikakatika pale pale, kama bomba lililofungwa.

"Nani aliyefunga hiki kitambaa?" akauliza.

"Mimi," akasema Bibi Holbuvi, kifua mbele.

"Bibi, ulikuwa unamkamua kama ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wote walikuwa wanatazama mguu. Suruali pana aliyovaa Inobat chini ya gauni ilikuwa imepandishwa hadi pajani, na miguu ambayo kwa miaka mingi hakuna mwanamke mwenziwe aliyeiona ilikuwa nje, mchana kweupe. Mishipa ilikuwa imevimba na kujipinda kutoka kinenani hadi vidoleni, mingine minene kama kidole, ya buluu na zambarau. Ngozi ya vifundoni ilikuwa imegeuka rangi ya kutu.

"Ya Rabi," mama wa bwana harusi akanong'ona, "huu ni mguu au shina la mzabibu?"

Inobat akajifunika uso kwa mkono uliojaa unga.

Aliolewa katika nyumba ile ya mjini Kokand akiwa msichana mwenye nguvu, binti wa mfinyanzi kutoka Rishton, aliyebeba ndoo mbili za udongo bila kuhema. Mumewe, Tolib, alikuwa dereva wa lori la vitunguu, mtu mpole asiyekuwepo nyumbani nusu ya mwaka. Kazi ya nyumba ile ilikuwa mikate. Akawekwa tanurini wiki ya pili baada ya harusi.

Maumivu yalianza alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili, na mtoto alipozaliwa hayakuondoka naye. Hayakuwa makali. Yalikuwa mazito. Asubuhi aliamka mzima. Ikifika adhuhuri ni kama mtu kamtundikia jiwe ndani ya nyonga. Jioni jiwe limekuwa mawili na miguu inawaka moto. Baada ya mumewe kuwa naye yalizidi, akalala amekunja magoti hadi kunakucha. Hilo hakumwambia mtu. Atamwambia nani? Na kwa maneno gani?

Yale ya tumbo aliyasema, tena mwanzoni aliyasema sana.

"Kila mkwe akichoka na tanuri huumwa tumbo," Bibi Holbuvi alimjibu. "Mimi nilizaa saba, wanne nikazika, na mikate haikukosa siku hata moja."

Hata hivyo bibi hakuwa mtu wa kukaa tu. Alimchemshia majani. Alimlaza juu ya mchanga uliochomwa jua, akamwekea tofali la moto kinenani, na maumivu yakaongezeka maradufu, naye akasema ni jini linapigana kabla ya kutoka. Alimwita mwanamke wa kupuliza dua. Mwishowe wakaenda hospitali ya wilaya, na daktari mmoja wa kiume, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akambonyeza tumbo, akasema tatizo ni kizazi. Kimechoka. Kikitolewa, maumivu yatakwisha.

Inobat alikuwa kijana bado, na alitamani mtoto wa tatu. Alilia siku nzima. Halafu akasema, "Kitoke."

Kikatoka. Akalazwa wiki kadhaa, akakatazwa kusimama, na kweli maumivu yakatulia. Bibi Holbuvi akachinja kondoo wa shukrani. Inobat akarudi tanurini, na kabla nyama ya yule kondoo haijasahaulika, adhuhuri moja jiwe likarudi mahali pake pale pale.

Tangu hapo alinyamaza. Mtu aliyetolewa kizazi kwa ajili ya maumivu, kisha aseme bado yanamuuma, nani atamwamini? Yeye mwenyewe alianza kutojiamini. Alijiambia labda ni kweli ana uvivu uliojificha ndani kama nondo kwenye sufu. Akafunika miguu, akafunga mdomo, akaoka. Ndivyo ilivyopita miaka tisa.

Kutoka kwenye harusi ya jirani alipelekwa hospitali ya mkoa, Fergana, kwa daktari wa mishipa. Daktari Shoira alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Hakumlaza. Alimsimamisha juu ya kigoda, akaitazama miguu mbele na nyuma bila kukunja uso, kisha akamuuliza maswali, na kila swali lilimpiga Inobat kama maji ya baridi.

"Tumbo la chini linakuuma?"

"Ndiyo, dada."

"Asubuhi au jioni?"

"Jioni."

"Ukisimama linazidi, ukilala linapungua?"

Inobat akamkodolea macho. "Nani amekuambia?"

"Na baada ya kuwa na mumeo?"

Inobat akageuka kumtazama mama mkwe wake. Bibi Holbuvi alikuwa ameketi kwenye kona na kifurushi cha mikate mapajani, ametoa macho kama mtu aliyesikia tusi msikitini. Inobat akainamisha kichwa. "Mpaka kunakucha," akasema, sauti haisikiki.

Daktari akampima kwa mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, akamgeuzia kioo aone. Palikuwa na giza, na ndani ya giza vishimo vyeusi vimebanana.

"Hii ni mishipa inayorudisha damu moyoni," akaeleza. "Ndani yake mna vijilango vya kuizuia damu isirudi chini. Vyako vililegea wakati wa mimba. Damu ikipanda hatua moja, inateremka mbili, inatuama huku nyongani, halafu inasukuma njia hadi miguuni. Huo mshipa uliopasuka leo umeanzia huku juu, dada yangu. Miguu yako inaumwa ugonjwa wa nyonga."

"Lakini mimi sina kizazi," akasema Inobat. "Walikitoa kwa sababu ya maumivu haya haya."

Daktari akavaa miwani, akavua. "Maumivu haya yana jina, na jina lake si kizazi. Hicho kizazi chako mimi sikukiona, siwezi kusema kilikuwaje."

"Mimi nilikiona," akasema Bibi Holbuvi.

Wote wawili wakageuka. Bibi alikuwa anakisokota kile kifurushi.

"Walikuwa wamekiweka kwenye beseni. Yule daktari akatoka, akanionyesha. Akasema, ajabu bibi, kizima kabisa, hakina hata doa, ni kama cha mwanamwali. Akaniuliza amwambie mwenyewe? Nikamwambia asimwambie."

Inobat alisikia feni inazunguka darini. Alisikia mtu anasukuma kitanda cha magurudumu ukumbini. Akashuka kwenye kigoda, akavaa suruali yake, akafunga kitambaa chake cha kichwa kwa makini sana, kama anayejitayarisha kupokea wageni, kisha akayumba, daktari akamdaka.

Hakusema na mama mkwe wake njia nzima. Hakusema naye siku iliyofuata, wala zilizofuata hizo. Katika nyumba ambamo mkaza mwana huinama kila alfajiri kumsalimia mkwewe, Inobat alikuwa anapita wima kama mlingoti. Alimtengea chai, akaondoka. Tolib alirudi na lori lake akakuta nyumba imekuwa kaburi.

"Mama Jasur," akamwambia mkewe, maana kwa jina lake hakuwahi kumwita, "sema basi kitu. Hata tusi."

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

Akamweleza. Tolib akakaa chini pale pale kizingitini na viatu vyake vya safari, uso umempauka. Hakujua. Inobat alimtazama sana, akaona kweli hakujua, wala hilo halikumpunguzia kitu.

Daktari alikuwa ameagiza soksi ndefu za kubana mishipa, na kaptula ya kubana inayoanzia kiunoni, zote kwa vipimo vya mwili wake. Tolib, kwa kutaka kutenda jambo lolote lile, alikwenda sokoni akarudi na soksi nyembamba zinazong'aa, za wanawake wa kwenda dansi. Juu zilikaba paja kama kamba, chini zikalegea. Jioni mguu ulikuwa umevimba mara mbili. Daktari Shoira alipoziona alizikata kwa mkasi.

"Ikibana juu na kulegea chini, unaifungia damu huku huku chini," akasema. "Inatakiwa ibane zaidi kifundoni, ipungue kadiri inavyopanda. Na ivaliwe asubuhi kabla hujatoka kitandani, damu ikiwa haijashuka."

Soksi za kweli zikaja. Zilikuwa nzito, ngumu, rangi ya chungu kisichopakwa. Kuzivaa kulikuwa mieleka. Vidole vya Inobat, vilivyoungua tanurini miaka kwa miaka, havikuweza kushika kitambaa kile. Alivuta, akatoa jasho, akaachia. Siku ya tatu alikuwa ameketi kitandani, soksi imekwama kwenye kisigino, machozi ya hasira yanamtoka, mlango ukafunguliwa.

Bibi Holbuvi aliingia amevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, za manjano.

"Lete mguu."

"Mama, haifai."

"Nini kisichofaa? Lete mguu nikwambie!"

Kisha yule mwanamke, ambaye mbele yake Inobat alikuwa ameinama tangu siku ya harusi, akapiga magoti sakafuni. Magoti yalilia. Inobat alishtuka hata akataka kuruka dirishani. Mama mkwe miguuni pa mkaza mwana! Angeona mtu, mtaa wote ungesema ni kiama. Bibi akaukamata mguu, akauweka juu ya paja lake, akaanza kuivuta soksi kwa viganja, polepole, anayalainisha makunyanzi moja moja.

"Kwa nini hukuniambia?" Inobat akauliza. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake.

"Nikuambie nini? Kwamba wamekutoa kitu kizima? Ungekirudisha?"

"Ningejua kwamba sisemi uongo."

Mikono ya bibi ikasimama. Inobat aliona utosi wake, nywele nyeupe chache chini ya kitambaa. Bibi hakuinua uso. Baada ya muda akavuta tena, akapita goti, akafika pajani.

"Mguu wa pili," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza.

Hakuomba msamaha asubuhi ile, na Inobat hakumsamehe. Lakini kesho yake alfajiri alikuja tena na glavu zake, na keshokutwa vilevile.

Soksi ziliiponya miguu nusu. Uvimbe ukashuka, moto ukapoa, kidonda cha mshipa uliopasuka kikafunga. Lakini jiwe la nyongani halikusogea. Inobat hakushangaa, aliona ndivyo alivyoandikiwa. Ni Daktari Shoira aliyeshikilia: soksi haifiki huko, ngojeni kaptula. Ilibidi iagizwe kutoka mji mkuu, Tashkent. Tolib ndiye aliyetumwa kuichukua, akafika kwenye duka la dawa, akakuta wahudumu wote ni wasichana. Alizunguka nje mpaka akavuta pakiti nzima ya sigara. Mwishowe akaingia, akasema kwa sauti ya askari, "Nipeni suruali ya chuma ya mke wangu!" Duka zima likaangua kicheko. Aliporudi nyumbani masikio bado yalikuwa mekundu.

Siku ya kwanza Inobat aliivaa kaptula ile kwa kuridhisha watu. Ilimshika tumbo la chini na makalio kama mikono miwili mikubwa. Alioka, akapakia mikate kwenye kigari cha mtoto, ambacho wauza mikate wa huko hubebea mikate, akasukuma hadi sokoni, akasimama mahali pake kati ya muuza siagi na muuza mbegu za alizeti.

Adhuhuri ikafika. Alijiandaa, akakaza meno, kama mtu anayemsubiri mgeni mkorofi ambaye hupiga hodi saa ile ile kila siku. Mgeni hakuja. Akauza mikate. Akabadilisha mguu. Akainama makusudi, akainuka. Hakuna kitu. Jua likapinda, wauzaji wakaanza kukunja maturubai, na nyongani pake palikuwa kimya, kimya kabisa, kama nyumba iliyohamwa.

Inobat akaketi chini vumbini, akapiga ukelele.

"Nani kafa?" muuza siagi akaruka. "Inobat! Nani kafa jamani?"

"Hainiumi."

"Eti?"

"Hainiumi!" Alikuwa anapiga ngumi kwenye paja lake. "Nguo! Nguo tu ya kubana! Miaka yote hii ilikuwa inataka nguo!"

Muuza siagi alidhani amerukwa na akili, akamnywesha maziwa ya mgando. Haikuwa furaha. Furaha ilikuja baadaye, kwa uchache uchache. Siku ile alikuwa kama mtu aliyefunguliwa kutoka gerezani, akageuka akaona mlango haukuwa na kufuli.

Majira ya baridi yalipoingia, jirani mmoja alikuja kuchukua mikate, akakaa kulalamikia mkaza mwanawe. "Amejifungua juzi juzi, tayari tumbo, mgongo, miguu! Nimempeleka hospitali, wanasema labda wamtoe kizazi. Na wamtoe, tupumzike."

Inobat alikuwa anakanda unga. Akaacha kukanda. Bibi Holbuvi akamkatiza jirani yule.

"Umemuuliza akilala inapungua?"

"Nimuulize ya nini? Uvivu huo!"

"Nenda kamuulize. Halafu mpeleke Fergana, kwa daktari wa mishipa, amwangalie kwanza. Mimi nilikiona kizazi cha huyu kwenye beseni, kizima, nikanyamaza. Nilimnyamazia miaka tisa, nikamwita mvivu. Umesikia? Mimi, Holbuvi. Kawaambie na wengine."

Jirani aliondoka bila mikate yake. Inobat alimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Alimwita, "Mama." Bibi akasema, "Kanda unga, utaumuka kupita kiasi." Inobat akakanda.

Yule mkaza mwana wa jirani alipelekwa. Kwake haikuwa mishipa, ilikuwa jambo jingine, likatibiwa kwa dawa, na kizazi chake kikabaki.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Ndani ya kaptula na soksi, mbele ya tanuri, Inobat alikuwa anapikwa mzima mzima. Wiki moja alizitupa kabatini, akasema potelea mbali. Wiki ile ile jiwe likarudi, akazivaa huku akitukana. Ndipo alipokubali ushauri wa Daktari Shoira, akaenda Tashkent, ambako walimpitishia waya mwembamba ndani ya mshipa hadi nyongani, wakaiziba mishipa mibovu. Alitoka huko akitembea mwenyewe. Siku za kupumzika huvaa gauni tu. Siku za kuoka bado huvaa vile vya kubana, na Tolib amemjengea kiti kirefu ili asisimame kutwa.

Mtoto wa tatu hakumpata. Akiulizwa, husema ana watoto wawili na alitaka mmoja zaidi. Husema hivyo waziwazi, bila kuinamisha macho, na wanawake wa Kokand, ambao hawakuzoea kusikia jambo kama hilo likisemwa sokoni, huchukua mikate yao, wakasahau hata kuomba wapunguziwe bei.